Waranti ya Ziada na Friza ya Biashara

Anayenunua friji au runinga hushauriwa siku hizi akatae waranti ya ziada, na ushauri huo una msingi. Tuchukulie friza ya shilingi 45,000 yenye waranti ya mtengenezaji ya mwaka mmoja, na nyongeza ya miaka miwili kwa shilingi 4,500: duka likiuza mikataba kumi limekusanya bei ya friza nzima, na lisingeuza mikataba hiyo kama lingetarajia kulipa zaidi ya hapo. Kasoro nyingi za kiwandani hujitokeza mapema, uchakavu nao huchelewa, na miaka inayouzwa ni ile ya katikati. Isitoshe, Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 tayari kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa.

Hesabu hiyo inamfaa mwenye akiba. Mama anayeuza samaki Kibuye, Kisumu, ana hesabu nyingine, kwa kuwa friza ndiyo biashara yenyewe: kompresa ikifa, samaki wataoza, na shilingi 45,000 za kununua nyingine itabidi azikope kwa simu, alipe na riba. Kutoa pesa anazozimudu ili asije akadaiwa asizozimudu ni busara ile ile ya mwenye gari anayelipia bima kamili, ambaye hakuna anayemcheka mwaka ukiisha bila ajali. Sioni kwa nini mama huyu aitwe mjinga.

Kinachonitia shaka ni masharti. Umeme wetu ni wa volti 240 kwenye karatasi, lakini ukikatika na kurudi kwa nguvu kupita kiasi, bodi na kompresa huungua. Na ukanda huu wa Ziwa Viktoria, kutoka Kisumu hadi Kakamega na Kisii, unajulikana kwa radi. Hata hivyo, mikataba ya aina hii kwa kawaida haifidii madhara ya umeme kupanda ghafla, wala ya maji au panya. Mnunuzi analipia kinga dhidi ya kasoro ambayo huenda isitokee, huku balaa ambayo kila fundi wa Kondele, Kisumu, anaijua ikiachwa mlangoni pake. Kisha kuna suala la anayeahidi: Nakumatt, iliyokuwa na maduka Kisumu na Nakuru, iliporomoka, na ahadi ya duka haiwezi kudumu kuliko duka lenyewe.

Kwa friza ya biashara, basi, ningelipa iwapo mkataba unataja umeme waziwazi na fundi wa kampuni yupo Kisumu, maana kusafirisha friza hadi Nairobi ni gharama nyingine. Kwa runinga ya sebuleni nisingelipa. Na mkataba ukiutenga umeme, ningetumia sehemu ya zile 4,500 kununua frijigadi, ambayo huukata umeme unapozidi kipimo na kuuchelewesha kwa dakika chache unaporejea.