Marahaba Kutoka Topeni

Najua video ya safari yetu ya Lamu, ile ya mimi na tope, mmeshaiona. Mweka Hazina wetu hakuweza hata kungoja tuvuke turudi Mokowe, upande wa bara. Basi sikilizeni na upande wangu, kabla stika hazijazidi. Na wewe uliyeandika “pole Mwenyekiti wa Matope”, nimekuona.

Kwanza, ratiba ilikuwa nzuri. Hapo sirudi nyuma. Mji wa Lamu una miaka zaidi ya 700, nami niliugawa robo saa kwa robo saa, kila kitu na rangi yake: Ngome kijani, makumbusho manjano, Shela buluu. Hata tarehe sikuiokota tu. Nilichagua mwezi mpevu makusudi, ili picha za usiku zitoke. Saa nne asubuhi: magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ule mji ambao watu wake waliuhama karne ya 17 wakaenda Shela. Saa sita: samaki wa kupaka.

Nahodha aliitazama ratiba, akaitazama bahari, akanirudishia karatasi yangu.

“Yeo ni bamvua, ndugu yangu. Maji yatoka. Twende alasiri.”

Nikamwonyesha kwamba alasiri ina rangi ya chungwa na imeshajaa punda.

(Kumbe mwezi mpevu ndio unaoleta bamvua! Maji hujaa sana, kisha hupwa sana, na kwa Lamu siku hizo hupwa asubuhi, saa ile ile niliyoipaka rangi. Ndugu zangu wa bara, andikeni mahali.)

Njia ya Takwa ni mkono mwembamba wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Tukaingia. Nikaona mikoko inazidi kurefuka, nikaisifu. Kumbe ni sisi tunaoshuka. Mashua ikasema shwaaa, ikakaa.

Sasa, nilikuwa nimevaa kanzu. Nyeupe, mpya, ya kupigia picha kwenye lile kaburi la mnara la Takwa. Gati nililiona si mbali, nikasema, “Si ndiyo pale? Tutembee.” Nahodha akasema, “Usishuke.” Neno hilo kwenye video linasikika vizuri mno.

Nikashusha mguu wa kulia. Tope likaupokea kwa adabu, mpaka kifundoni. Nikatabasamu kwa kamera. Likaomba shavu la mguu. Likapewa. Likachukua goti bila kuomba. Hapo mguu wa kushoto ukashuka kumsaidia ndugu yake, nao ukaenda moja kwa moja hadi pajani. Kanzu ikatanda juu ya tope kama mwavuli, nami katikati nikiwa mpini. Kaa mmoja akaja, akanitazama, akapita pembeni.

Nyuma yangu mashua nzima kimya. Kimya kile cha watu wanaojiuma midomo.

Ndipo akatokea kijana mdogo na kikapu chake cha kaa, anakanyaga mizizi ya mikoko wala hata kisigino hakilowi. Akasimama mbele yangu. Mtoto ana malezi, jamani, wabarikiwe wazazi wake.

“Shikamoo, ami.”

Mngefanyaje ninyi? Heshima ni heshima. Nikavuta pumzi, nikajibu kutoka kule chini:

“Marahaba.”

Mashua ikapasuka. Mweka Hazina alicheka mpaka simu ikatikisika. Ndiyo maana mwisho wa video mnaona mawingu tu. Na anayesema nililia, mwambieni yale yalikuwa maji ya chumvi.

Basi. Nikavutwa kwa upondo, ndara zikabaki, tukala mkate na ndizi tukingoja maji yarudi. Takwa tulifika baada ya adhuhuri, tukaona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kaburi, mibuyu. Picha zangu zote ni kuanzia kifuani kwenda juu. Samaki hatukumkuta.

Ile kanzu iko kwa dobi wa pili. Wa kwanza aliirudisha na pesa zangu.