Asilimia 10 ya Madini, na Gesi Inayohesabiwa Kwingine

Mpango wa maendeleo uliitaka sekta ya madini ifikishe asilimia 10 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2025, na takwimu za mwaka 2024 zikaonyesha asilimia 10.1. Hapa Dar es Salaam wapo walioshangilia, wakisema kuwa sheria za mwaka 2017, zilizoipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji na kupandisha mrabaha wa dhahabu (sehemu ya thamani ya madini ambayo mchimbaji huilipa Serikali) kutoka asilimia 4 hadi 6, zimezaa matunda. Wengine wanauliza: nchi yenye migodi ya dhahabu ya Geita, Bulyanhulu na North Mara, pamoja na tanzanite ya Mirerani, inapataje asilimia 10 tu?

Wenye shaka wana hoja moja nzito. Pato la taifa huhesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka bila kujali mwenyewe ni nani, kwa hiyo faida ya mwanahisa aliye ng'ambo nayo imo ndani ya hiyo 10.1. Tena bei ya dhahabu ikipanda, thamani ya mauzo hupanda hata kama mgodi haukutoa gramu ya ziada.

Wanapokosea ni pale wanapofanya udogo wa asilimia kuwa ushahidi wa kuibiwa. Asilimia hutegemea pia ukubwa wa sekta nyingine, na kilimo peke yake kinachangia takriban robo ya uchumi wetu. Botswana iliegemea almasi kwa miongo mingi, na soko la almasi lilipodorora, uchumi wake ulisinyaa mwaka 2024. Sioni cha kutamani hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba kipimo hiki huishia kwenye mdomo wa shimo. Tazama gesi asilia. Ikitoka kisimani Songo Songo au Mnazi Bay, thamani ya kuichimba huingia kwenye fungu la uchimbaji, nayo ni ndogo mbele ya dhahabu. Ikifika Ubungo na Kinyerezi ikazalisha umeme, thamani hiyo mpya huandikwa kwenye fungu la umeme. Ikichoma chokaa katika kiwanda cha saruji cha Wazo, huandikwa viwandani. Na nyumba inayojengwa kwa saruji hiyo huandikwa kwenye ujenzi. Kabla Bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuzalisha mwaka 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi, maana yake mashine za kusaga, majokofu ya samaki Feri na vyerehani vya Kariakoo viliitegemea kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuna aliyeviita mchango wa maliasili. Dhahabu, yenye sehemu kubwa katika hesabu, kwa miaka mingi ilipita tu kuelekea uwanja wa ndege. Agizo la kutenga asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya Benki Kuu, lililoanza Oktoba 2024, pamoja na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza, vimeanza kurefusha njia yake, lakini bado ni fupi.

Ndiyo maana katika majadiliano ya mradi wa kusindika gesi wa Lindi, ambao kwa sehemu kubwa unalenga soko la nje, ningependa kipengele cha kiasi cha gesi kitakachobaki nchini, na kwa bei gani, kijadiliwe kwa ukali uleule tunaoutumia kudai mrabaha.