Hawakatai matibabu, wanaogopa kulala fofofo
Makala inadai watu wanaolala mitaani Nairobi hukataa matibabu ya akili. Wale ninaowapelekea chai usiku hawakatai. Wanaogopa vidonge vinavyoleta usingizi mzito, maana anayelala fofofo kwenye baraza la duka huamka hana viatu wala blanketi, na wanawake hukutwa na mabaya zaidi. Dawa ya sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa ingewafaa wengi kuliko vidonge, ambavyo huibiwa au kuloa mvua. Halafu kuna kitambulisho: bila hicho ni vigumu mtu mzima kusajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na chao kilishapotea zamani. Hospitali ya akili ya Mathari ipo pale Thika Road, lakini nani awasindikize? Wahudumu wa afya ya jamii hugawiwa kaya za kutembelea, na hawa hawana kaya. Je, kuna yeyote hapa aliyepangiwa wasio na nyumba?