Uhai wa Mtoto Mchanga Si Kipimo cha Imani ya Wazazi

"Mkiamini, atapona." Wazazi ambao mtoto wao amekimbizwa wodi ya watoto wachanga huambiwa hivyo na ndugu, na majirani, na wakati mwingine na viongozi wao wa dini, mama akiwa bado hajaweza hata kusimama sawasawa. Wanaosema wana nia njema. Mimi ni muumini, na naamini Mungu anaponya. Lakini maneno hayo yana upande wa pili ambao hautamkwi: mtoto asipopona, basi hamkuamini vya kutosha. Mama aliyetoka kujifungua hapaswi kubebeshwa hilo.

Tutazame hali yenyewe ilivyo. Kuna mtoto aliyezaliwa amechoka, hakulia, wakunga wakamsaidia kupumua. Kuna njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa. Kuna aliyenyonya vizuri siku mbili, ya tatu akalikataa ziwa, mwili ukawa wa moto au ukapoa kupita kiasi, kumbe uambukizo umeshaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kuzaliwa kabla ya wakati, matatizo wakati wa kuzaliwa, uambukizo na kasoro za maumbile ndizo sababu kubwa, nazo huingia nyumba za wacha Mungu kama zinavyoingia nyingine zote.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Agosti 1963. Rais wa Marekani, John F. Kennedy, na mkewe Jacqueline walipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Alibatizwa upesi baada ya kuzaliwa. Baba yake alikuwa na kila mlango wazi mbele yake, na waliomwombea mtoto yule hawahesabiki. Alifariki siku mbili baadaye kwa sababu mapafu yake yalikosa ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visishikane. Mwaka 1980 madaktari wa Japani wakiongozwa na Tetsuro Fujiwara walitoa taarifa ya njiti waliosaidiwa kwa kutiwa utelezi huo mapafuni. Leo mtoto aliyezaliwa kwa umri ule wa mimba, akifika penye huduma nzuri, kwa kawaida anaishi. Je, wazazi wa siku hizi wanaamini kuliko wale wa 1963? Hapana. Dawa imepatikana, na mimi naihesabu dawa hiyo miongoni mwa majibu ya maombi.

Vitabu vyetu wenyewe havituruhusu kuitumia imani kama malipo ya uhai. Daudi alifunga na kulala chini akimwombea mtoto wake mgonjwa, na siku ya saba mtoto akafa. Mtume Muhammad alimpakata mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo, akiwa anakata roho, na machozi yakamtoka. Alipoulizwa, akasema machozi hayo ni huruma. Nani atathubutu kusimama mbele yao na kusema hawakuamini?

Na tazama mama yake Musa. Kurani inasema moyo wake ulibaki mtupu, hata akakaribia kuidhihirisha siri, lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu. Mwanamke huyu alikuwa na ahadi ya Mungu kwamba mtoto atarudishwa kwake. Hata hivyo alimwambia dada mtu amfuatilie kwa mbali. Biblia inaongeza kwamba kile kisafina alikipaka lami maji yasiingie. Aliamini, na bado alipaka lami, na bado aliweka mlinzi. Ningependa kila mhubiri na kila sheikh aliseme hili mara nyingi, kwa sababu wapo wazazi wanaoambiwa kwamba kukubali dripu, oksijeni au upasuaji ni dalili ya shaka. Anayemshauri mzazi amtoe mtoto wodini ili akaombewe kwanza anacheza na roho ya mtu asiyeweza kujitetea. Mtoto mchanga asiyenyonya, anayepata degedege, anayehema haraka huku kifua kikibonyea ndani, au aliyegeuka manjano hadi nyayoni, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Maombi yafanyike njiani.

Sasa wakishafika, imani inafanya kazi gani? Kwa jinsi ninavyoona, inawashika wazazi wasikimbie. Wodi ile inatisha: mashine zinalia, mirija imeingia kwenye mwili mdogo kiasi kile, na mzazi anaweza kushikwa na hamu ya kutoka nje asione. Aliyeshikwa na Mungu anabaki. Anamuuliza muuguzi ile dawa ni ya nini. Anakamua maziwa hata kama yanatoka matone, maana kwa njiti matone hayo ni tiba. Anamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi. Njia hiyo, inayoitwa kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipoelemewa na watoto. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25 kulinganisha na waliosubirishwa. Mama akiwa amekaa hivyo anaweza kusali kimoyomoyo usiku kucha, na baba akapokea zamu. Kifua chake nacho kina joto.

Wahudumu wa afya nao wasiione sala kama usumbufu. Baba anayetaka kumwadhinia mwanawe hachelewishi tiba kwa dakika ile moja. Sheria ya Kanisa Katoliki inamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, hata muuguzi wa zamu, na kwa wazazi wengine jambo hilo ndilo litakalowawezesha kulala miaka inayofuata.

Viongozi wa dini ninawaomba jambo moja mahususi. Mnapowasimamisha mbele ya waumini wazazi ambao mtoto wao alipona, waacheni wamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na wawashukuru pia wauguzi waliokesha. Msiongeze kwamba alipona kwa kuwa wazazi wake waliamini. Katika safu zile zile wameketi wazazi waliofunga na kuomba vilevile, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wao nao waiteni mbele siku moja. Mtajeni mtoto wao kwa jina alilopewa, hata kama aliishi saa chache, na muwaombee bila kuwauliza walikosea wapi.