Tusirithi faksi ya Wamarekani

Kila nikiongea na watu wa nyumbani kuhusu kazi yangu ya famasi hapa Houston, naona wanaamini duka la dawa la Marekani linajiendesha lenyewe. Na wapo wanaoniuliza kama ile programu ya kompyuta inayosoma vyeti vya dawa ambavyo madaktari wanatuma kwa faksi isingefaa Dar. Jibu langu ni hapana, na nataka nieleze kwa nini, maana naogopa tutanunua kwa bei kubwa dawa ya ugonjwa ambao bado tunaweza kuukwepa.

Faksi, ile mashine ya kutuma nakala ya karatasi kwa laini ya simu, huku haijafa. Vyeti vingi siku hizi vinatoka kwenye kompyuta ya daktari moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ya famasi, lakini kliniki ndogo, madaktari wa meno, nyumba za kutunzia wazee na hata madaktari wa mifugo bado wanatuma faksi. Na sisi tunawatumia: mgonjwa wa presha akiishiwa dawa, tunapeleka ombi, daktari anasaini, anarudisha. HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa, haikuikataza faksi, kila mtu ameizoea, basi ikabaki.

Zamani karatasi zilitoka kwenye mashine na mtu akakaa kuzichapa upya moja moja. Sasa faksi inaingia kama picha. Programu inainyoosha kama imekaa upande, inasoma jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, dawa, nguvu yake na idadi ya vidonge, kisha inamtafuta mgonjwa kwenye kumbukumbu. Kama ni ombi letu lililorudi, inalitambua kwa mistari ya bakodi tuliyoweka juu ya karatasi. Pale ambapo haina uhakika, inaweka alama. Mfamasia anaona picha upande huu na maandishi upande ule, analinganisha, anasahihisha, ndipo anaidhinisha.

Inasaidia, na mfamasia asiyechapa siku nzima ana muda wa kuzungumza na watu. Lakini picha ya faksi ni nyeusi na nyeupe tu, na kwa ubora wa kawaida ina nukta kama 200 kwa kila inchi ya upana, na kama 100 tu kwenda chini. Nukta ya desimali inamezwa hapo. Daktari kaandika miligramu 1.0, inafika 10. Kaandika insulini 4U, yaani yuniti nne. Ile U ikijifunga juu, mbele yako ni 40. Ndiyo maana Joint Commission, chombo kinachozipa hospitali za huku ithibati, tangu 2004 kimezikataza kuandika hiyo U na hiyo sifuri ya nyuma. Halafu kuna majina. Hydroxyzine ni ya mzio na muwasho, hydralazine ni ya presha, na mwandiko mbaya ukishapita kwenye faksi huwezi kuyatofautisha. Programu itachagua moja na kuendelea. Mfamasia makini atanyanyua simu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: nyingi ya faksi hizo hazikuandikwa kwa mkono hata kidogo. Daktari alichapa kwenye kompyuta yake, akatoa karatasi, akaifaksi, na sisi tukanunua programu ya kuirudisha kwenye kompyuta. Fedha na akili zote hizo zimekwenda kuunga mahali ambapo waya ulikatwa bila sababu.

Sasa tuje kwetu. Hospitali kubwa za Dar zina mifumo ya kompyuta, na za serikali nyingi zinatumia GoTHoMIS, mfumo wa serikali wa kuendeshea hospitali. Daktari anaandika dawa, dirishani zinaonekana. Zikikosekana unaambiwa ukanunue nje, na mara nyingi hapo ndipo mtu anashika kalamu na kunakili kitu ambacho tayari kimo kwenye mfumo. Mgonjwa anatoka na kikaratasi. Mwanawe anakipiga picha, anairusha WhatsApp kwa wauzaji wa Kariakoo: "Dada, hii ipo? Bei gani?" Picha hiyo ndiyo faksi yetu. Inaonekana vizuri zaidi, sawa, lakini jina la mgonjwa na dawa zake vinabaki kwenye simu ya mtu binafsi, wakati nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama mdogo kwenye duka la dawa karibu na Mnazi Mmoja. Binti wa kaunta alikiinua cheti kwenye mwanga, akamwita mwenzake, wakainamiana. Muhuri umefifia, namba ya simu ya daktari haipo. Akauliza, "Shikamoo mama, hii dawa umeshawahi kuitumia? Ulikuwa unameza ngapi?" Mama mdogo akapekua pochi, akatoa bahasha ya zamani iliyoandikwa 1x2. Cheti kikasomeka. Huku Houston faksi inafika peke yake, mgonjwa yuko kwake, hakuna wa kumwuliza. Yale maswali ya kaunta ni mali, na mfumo wowote utakaokuja Dar uyaache yalipo.

La kuiga huku ni kumbukumbu. Ukileta dawa mpya isiyopatana na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, unayotumia, kompyuta inapiga kelele kabla kidonge hakijahesabiwa. Dar, duka la leo halijui ulinunua nini jana duka la pili, na cheti kimoja cha antibiotiki kinaweza kuzunguka ukoo mzima.

Kwa hiyo tuchukue kitu ambacho Mtanzania tayari anakijua: kontroo namba. Ada ya chuo, maji, faini ya trafiki, unapewa namba na mfumo unajua habari yako yote. Dawa zikikosekana dirishani, mfumo utoe namba, ichapwe kwenye karatasi pamoja na dawa zenyewe. Mgonjwa achague duka analotaka. Mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi aingize namba, aone dawa kama daktari alivyoziandika, na zikishatolewa namba ife. Umeme ukikatika au bando likiisha, karatasi iliyochapwa bado inasomeka. Ujerumani tangu Januari 2024 madaktari wa bima ya umma wanatakiwa kuandika vyeti kwa njia ya elektroniki, na Uingereza ilizikataza hospitali za NHS, yaani huduma yake ya afya ya umma, kununua faksi mpya tangu Januari 2019. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na mifumo yake italazimika kujua nani kapewa dawa gani. Namba ya cheti iwekwe humo sasa. Tukichelewa, kila hospitali itanunua mfumo wake usiosemezana na wa jirani.

Zahanati za mtaani zisizo na kompyuta, kule Mbagala na Gongo la Mboto, zitaendelea na kalamu kwa miaka mingi. Kwao naomba herufi kubwa kwenye jina la dawa, namba ya simu ya daktari juu ya karatasi, na kama mgonjwa ni mtoto, uzito wake kwa kilo uandikwe pembeni ya jina.