Kamera kwanza au kisu kwanza? Uvimbe wa tegu unapotoboa njia ya nyongo

Mfugaji anafika hospitali macho yamekuwa ya njano, homa imepanda, baridi inamtetemesha, na chini ya mbavu za kulia hashikiki. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zitawaza homa ya ini, mawe ya nyongo, jipu la amiba au saratani ya kongosho. Lakini kama mgonjwa ametoka Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kuna swali la kutangulia hayo yote: nyumbani kuna mbwa?

Turkana inajulikana na madaktari wa dunia nzima kwa sababu ya tegu mdogo sana, Echinococcus granulosus. Mdudu huyu hukaa utumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia huyameza malishoni, kisha mbwa hujiambukiza upya akitupiwa ini au mapafu ya mnyama aliyechinjwa. Binadamu hukamatwa tu katikati ya safari hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilichapishwa takwimu za wagonjwa hadi 220 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 katika sehemu ya eneo hilo, na mwaka 1983 shirika la afya la AMREF likaanza kampeni ya kuudhibiti ugonjwa huu. Mashine ndogo za ultrasaundi zilipelekwa hadi manyattani, jambo ambalo wakati ule hata hospitali nyingi za mjini hazikuwa nalo.

Ndani ya ini, lava, yaani tegu mchanga, hujijengea mfuko wa maji unaokua taratibu, pengine kwa miaka mingi bila mwenyewe kujua. Balaa huanza mfuko unapokula ukuta wa mrija wa nyongo.

Hapa kuna jambo la presha ambalo ndilo kiini cha mabishano yote kati ya madaktari wanaotaka kuanza na kamera na wanaotaka kuanza na kisu. Maji ya mfuko ulio hai huwa na presha kubwa kuliko ile ya mirija ya nyongo. Kwa hiyo tundu linaweza kuwepo bila nyongo kuingia mfukoni, kwa kuwa mfuko wenyewe unaisukuma irudi. Daktari akishaukamua mfuko, presha inashuka, na nyongo inamiminika kwenye shimo lililobaki. Ndiyo maana mgonjwa aliyeingia chumba cha upasuaji na vipimo safi anaweza kukaa wodini siku kadhaa baadaye huku mpira wa tumboni ukitoa nyongo badala ya kukauka.

Hayo ni matundu madogo, na ndiyo mengi. Mpasuko mkubwa ni habari nyingine. Vipande vya utando na vifuko vichanga vilivyozaliwa ndani ya mfuko hutoka, hushuka hadi mrija mkuu na kuuziba kama yanavyofanya mawe. Manjano, maumivu ya kukata na homa huja pamoja, na usaha ukishaingia kwenye mirija iliyoziba, mgonjwa anaweza kufa katika muda mfupi.

Katika kupima, ultrasaundi bado ndiyo mlango wa kuingilia. Mpimaji mzoefu ataona mirija iliyotanuka, mfuko uliolegea na kupoteza umbo lake la duara, au vitu ndani ya mrija visivyotupa kivuli kama jiwe linavyotupa. Vipimo vya damu husaidia, ila kile cha kingamwili kinaweza kusema hakuna ugonjwa ilhali upo. MRI ya njia za nyongo huonyesha zaidi, tena bila kumwingizia mgonjwa kifaa chochote. Hata hivyo picha safi haimaanishi hakuna tundu. Mfuko mkubwa, hasa uliokaribia lango la ini ambako mirija mikuu inakutana, uhesabiwe umetoboa hadi ithibitike vinginevyo.

Sasa tiba. Upande mmoja uko na kamera, yaani ERCP: mpira wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, msuli unaobana mdomo wa mrija wa nyongo hukatwa kidogo, na uchafu huvutwa nje kwa puto au kikapu kidogo cha waya. Faida yake si ya kubishaniwa. Usaha na nyongo hupata njia, homa hushuka, na mgonjwa hupelekwa kwenye kisu akiwa na nguvu. Hata nyongo inayovuja baada ya upasuaji mara nyingi hukoma namna hii, kwa sababu msuli ukikatwa presha ya mrija hushuka na nyongo hufuata njia yake ya kawaida.

Wanaoegemea kisu nao wana hoja. Kamera husafisha mrija tu, mfuko wenye mdudu unabaki kwenye ini. Tena ERCP si kipimo cha mchezo: inaweza kuchochea uvimbe wa kongosho, kutoa damu, kutoboa utumbo, au kuingiza bakteria kwenye mfuko ambao haukuwa na maambukizi. Daktari wa upasuaji anaweza kuondoa vilivyomo mfukoni, kutafuta tundu na kulishona, kufungua mrija mkuu, kuusafisha na kuacha mpira wa umbo la T wa kutolea nyongo nje, yote kwa siku moja.

Mimi sikubaliani na wanaotaka kila mwenye mfuko mkubwa apitishwe kwenye kamera kwanza kama kinga. Kumtia mtu asiye na manjano wala mrija uliotanuka kwenye hatari ya kongosho kwa ajili ya tundu ambalo huenda lingejifunga lenyewe ni gharama isiyo na hesabu. Huyo atangulizwe albendazoli, dawa ya minyoo, afanyiwe upasuaji, na tundu litafutwe pale pale mezani: kitambaa cheupe kikibandikwa ndani ya shimo na kutoka na doa la njano, jibu limepatikana. Ila mwenye manjano na homa asubirishwe kisu kama kamera ipo karibu. Kumpasua mtu mwenye usaha kwenye mirija kabla ya kuizibua ni kutafuta kifo mezani.

“Karibu” ndilo neno linaloharibu mwongozo mzuri. Vifaa vya ERCP na mikono ya kuvitumia viko kwenye miji mikubwa, na kutoka Lokichoggio, kaskazini mwa Turkana, hata kufika Lodwar, makao makuu ya kaunti, tu ni safari. Mgonjwa wa namna hiyo akikutana na daktari wa upasuaji anayejua kuufungua mrija mkuu na kuweka mpira wa T, akaanzishwa antibiotiki na kuongezewa maji, hajapewa tiba ya daraja la pili. Kumwandikia rufaa ya siku mbili barabarani kwa kuwa kitabu kinasema kamera ndiyo ya kwanza kunaweza kumuua.

Kuna njia ya tatu, kuuchoma mfuko kwa sindano, kunyonya maji, kuingiza dawa ya kuua mdudu na kuinyonya tena. Inafaa kwa mifuko mingi isiyo na vifuko vichanga, lakini hapa pasiwe na mjadala. Maji yanayonyonywa yapimwe nyongo kabla ya dawa kuingia. Dawa hiyo, yaani pombe au maji ya chumvi kali, ikipita kwenye tundu hadi kwenye mirija, huiunguza na kuiacha na makovu yanayoibana, na mirija iliyobanwa na makovu haina kamera wala kisu cha kuirudisha ilivyokuwa.