Canon 5D Mark II na EOS R6: ya zamani ndo ina megapikseli nyingi, sasa mpya ya nini?

Swali lenyewe ni fupi. Mtu ana Canon 5D Mark II, kamera iliyotangazwa Septemba 2008, bado inapiga vizuri tu, na kila anakogeuka anaambiwa aiache ahamie EOS R6 iliyotoka 2020. Ahame au abaki? Majibu anayopewa ni ya ushabiki wa timu mbili, huku wanamwambia kamera haipigi picha, mtu ndo anapiga, kule wanamwambia hiyo ya kwako ipeleke makumbusho. Mi nimezitumia zote, ile ya zamani kwa miaka mingi zaidi, na naona kila upande una haki yake, ila wanabishana kuhusu ubora wa picha wakati tofauti kubwa haiko huko kabisa.

Tuanze na megapikseli maana ndo kitu cha kwanza kila mtu anauliza. 5D Mark II ina 21.1 na R6 ina 20.1. Ndio, mpya ina chache. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, picha ya 5D inatoka karibu sentimita 47.5 kwa 31.7, ya R6 inatoka 46.3 kwa 30.9, yaani umezidiwa upana wa ukucha wa kidole gumba. Sensa zote mbili (kile kipande kinachopokea mwanga) ni za ukubwa ule ule, fulu fremu, yaani sawa na fremu ya filamu ya 35mm, kwa hiyo ile mandhari ya nyuma kulainika hadi mtu anajitokeza mbele utaipata kwa zote sawasawa ukiweka lenzi moja. Aliyekwambia picha zako zitakuwa kubwa au zitakuwa na "kina" zaidi kisa umenunua R6, muulize kina hicho kakipimia wapi.

Niliwahi kujipima mwenyewe. Mzee mmoja alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwanga unaingia upande wa kushoto, nikatumia lenzi moja ya 85mm kwa bodi zote mbili, ISO 100 (yaani usikivu wa sensa kwa mwanga umeshushwa chini), mzee katulia kama kachongwa. Nikazichanganya zile picha kwenye kompyuta, nikazisahau kama wiki mbili, halafu nikazifungua bila kuangalia taarifa za faili. Nilikuwa na uhakika nitaitambua ya 5D kwa ile rangi ya ngozi ambayo watu wanaisifia sana, eti sensa za zamani zina rangi za kiutu. Kati ya picha sita nilikosea nne. Sasa hivi mtu akinianzia habari za rangi za zamani namsikiliza tu kwa heshima.

Nilipoanza kuzihariri hapo ndo kidogo zikaachana. Upande wa uso uliokuwa kivulini, ukiupandisha mwanga kwenye picha ya R6 unapanda na ngozi inabaki ngozi, ila kwenye ya 5D ukipandisha sana vinatokea vimistari na chenga zenye rangi rangi, ugonjwa wake unaojulikana siku zote. Dawa yake ni kupima mwanga vizuri toka mwanzo, au kuweka karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga kidogo. Ni usumbufu lakini sio wa kukufanya uuze kamera.

Ngoja sasa mtu asogee.

5D Mark II ina pointi 9 za fokasi, zimekusanyika katikati ya fremu kama watu wanaota moto, na katika hizo ni ile ya katikati tu ndo unaweza kuiamini gizani. Na mfumo wenyewe walirithi karibu wote kutoka kwa 5D ya kwanza ya 2005, kwa hiyo hata siku inatoka 2008 sehemu hiyo ilikuwa tayari ina umri. Matokeo yake sote tuliotumia ile kamera tulijifunza mchezo mmoja: weka pointi ya katikati kwenye jicho, bonyeza nusu ishike, halafu zungusha kamera upange picha unavyotaka, piga. Kwa f/5.6, tundu la lenzi likiwa limefungwa kiasi, mchezo huo unaenda poa. Kwa lenzi ya 85mm iliyofunguliwa yote kwenye f/1.8, ukizungusha kamera lile bapa la ukali (eneo jembamba lililo kwenye fokasi) linazunguka nayo, linaangukia nyuma ya pale uliposhika, na ukifika nyumbani ukakuza picha unakuta sikio limetoka kali kila unywele unauhesabu, halafu jicho lina ukungu. Nina folda nzima ya masikio mazuri.

R6 inafanya kitu tofauti kabisa kwa sababu haina kile kioo cha kuakisi kinachokaa nyuma ya lenzi. Kwenye 5D mwanga ukipita kwenye lenzi sehemu inaruka juu kwenda kwenye jicho lako na sehemu inashushwa chini kwenye sensa ndogo ya fokasi iliyo sakafuni mwa kamera, kwa hiyo kinachopima fokasi sio kile kinachopiga picha, na wakitofautiana hata kidogo basi lenzi yako inafokasi mbele au nyuma kila siku. Ndo maana 5D Mark II waliiwekea menyu ya kurekebisha lenzi moja moja, na wengine tulikaa masaa tunapiga rula iliyolazwa mshazari kutafuta namba sahihi. Kwenye R6 sensa inayopiga ndo hiyo hiyo inayofokasi, hamna cha kutofautiana. Halafu inatambua jicho, inaling'ang'ania likienda kwenye kona ya fremu, na mtu akigeuza uso inashika kichwa, akirudi inarudi kwenye jicho.

Mtoto kwenye bembea ndo jaribio langu la siku zote maana bembea inakuja usoni kwako kwa kasi inayobadilika badilika, inaanza pole, inakimbia katikati, inasimama juu. 5D kwa fremu zake 3.9 kwa sekunde, bembea moja ya kuja mbele nilikuwa napata picha nne tano na nikibahatika moja iko kali, na hiyo moja mara nyingi ni pale bembea imefika mwisho imesimama kidogo kabla ya kurudi. R6 inapiga 12 kwa shata ya kawaida (lile pazia linalofunguka mbele ya sensa) na hadi 20 kwa shata ya kielektroniki, na sio zote kali, wasikudanganye, lakini nilipata za katikati kabisa pale mtoto nywele ziko nyuma na mdomo uko wazi. Hiyo picha kwa 5D sikuwahi kuipata. Sio kwamba niliipata ikiwa na ubora mdogo, sikuipata kabisa. Na hapo ndo napasema kila siku: kamera mpya hainunui picha nzuri zaidi, inanunua picha ambazo zamani ulikuwa unazikosa.

Gizani ni hadithi hiyo hiyo. 5D inafika ISO 6400 kwa kawaida na ukiilazimisha 25600 ambayo afadhali usipige. R6 inaenda hadi 102400, ambayo nayo ni ya dharura, lakini 6400 yake unaichapisha bila kuomba radhi. Na inafokasi kwenye giza ambalo 5D lenzi ingekuwa inaenda mbele inarudi nyuma kama imepoteza funguo.

Halafu kuna ile kutulizwa kwa sensa ndani ya bodi, wanasema hadi stopu 8 kwa baadhi ya lenzi (kila stopu ni kuongeza muda wa kupiga mara mbili). Ni kweli inasaidia, hata ile 50mm ya zamani isiyo na kitulizo chochote sasa inatulia mkononi, ila watu wengi wanaielewa vibaya. Inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi unayempiga. Ukiweka sehemu ya nne ya sekunde kwa mtu anayecheza muziki, ukuta nyuma yake utakuwa mkali na yeye atakuwa moshi.

Kwa anayepiga kazi za watu kuna jambo lingine dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote hayo, nalo ni nafasi za kadi. 5D ina moja tu ya CompactFlash. R6 ina mbili za SD na inaandika picha hiyo hiyo kwenye zote kwa pamoja. Kadi ikifa katikati ya harusi huwezi kumwambia bibi harusi aingie tena. Miaka yote ile na 5D nilikuwa nabadilisha kadi kila baada ya muda mfupi ili ikifa moja isife na shughuli nzima, na bado tumbo lilikuwa halitulii mpaka nihamishe.

Lakini tusiifanye mpya kama haina kasoro, maana waliohama haraka wanakutana nazo baadaye. Ya kwanza ni betri. 5D kwa vipimo vyao inapiga karibu picha 850 kwa chaji moja, R6 ukiwa unachungulia kwenye kile kiskrini cha ndani hufiki hata nusu ya hapo, kwa sababu skrini inakula umeme muda wote wakati kioo hakili kitu. Afadhali kidogo ni kwamba betri za LP-E6 za 5D zinaingia kwenye R6, ila ukitumia zile za zamani ile kasi ya kupiga inapungua. Ya pili ni ile shata ya kielektroniki isiyo na sauti, watu wanaiwasha wakifurahia ukimya halafu wanashangaa flashi haiwaki, kwa sababu kwenye R6 flashi haifanyi kazi na shata hiyo, na kitu kinachopita kwa kasi kinatoka kimepinda kwa kuwa sensa inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Ya tatu ni kompyuta. Faili za RAW (picha ghafi kabla ya kuhaririwa) za 5D zinafunguka karibu kwenye programu yoyote uliyonayo, za R6 ni aina mpya ya CR3 na programu ya zamani inakwambia haizijui. Vidio ndo usiseme, 4K ya fremu 60 inatoka nzuri sana lakini kompyuta iliyochoka inaicheza kama inahesabu picha moja moja, na kamera yenyewe ukirekodi mfululizo kwa ubora huo inapata joto mpaka inaomba kupumzika.

Na kwenye vidio tuipe 5D heshima yake. Ilikuwa DSLR (kamera ya kidijitali yenye kioo) ya kwanza ya fulu fremu kurekodi vidio ya 1080p, ikaja na fremu 30 tu kwa sekunde, zile 24 na 25 zikaongezwa kwa sasisho la programu 2010, na mwaka huo huo kipindi kizima cha tamthilia kubwa ya televisheni ya Marekani kilipigwa nayo. Ila leo kuitumia kwa vidio ni kujitesa, klipu moja inakatika kwenye dakika kama 12 kwa sababu ya kikomo cha faili cha GB 4, kufokasi ni kwa mkono, na skrini haikunjuki.

Uzito nao husemwa sana. 5D ni gramu 810 bila betri, R6 ni kama 680 ikiwa na betri na kadi. Sawa, ila ukiweka lenzi zako za zamani za EF (aina inayoingia kwenye 5D) unahitaji adapta ya gramu 110, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule wepesi umeirudisha mwenyewe. Adapta hiyo kwa upande mwingine ni habari njema kweli kweli, haina kipande chochote cha lenzi ndani, ni bomba tu lenye waya za mawasiliano linalojaza zile milimita 24 zilizobaki kioo kilipotolewa, kwa hiyo lenzi ya EF hata ya 1987 mfumo ulipoanza inaingia, inafokasi, na mara nyingi inafokasi vizuri kuliko ilivyokuwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo anayeuliza ahame au abaki, mi simuulizi ana pesa kiasi gani, namwambia afungue zile picha alizozifuta au alizoziacha, kama mia tatu za mwisho, aangalie zilikufa kwa ugonjwa gani. Kama nyingi ni fokasi kwa watu wanaotembea, watoto, michezo, ukumbi wenye giza, basi R6 itamlipa na wala asijizungushe. Kama nyingi zimekufa kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya, flashi iko usoni kwa mtu, mandhari ya nyuma ina nguzo imetoka kichwani, au lenzi ni ile ya kit (ya bei ndogo inayouzwa pamoja na kamera), R6 itazipiga hizo hizo tena kwa fremu 20 kwa sekunde. Huyo abaki na 5D, anunue lenzi moja nzuri ya EF na flashi ya kuweka pembeni, vyote viwili vitaenda naye kwenye R6 siku akihama.

Na anayetaka kununua 5D Mark II iliyotumika, jambo moja tu: shata yake ilipimwa kwa picha 150,000, ya R6 ni 300,000, na menyu ya 5D haikuonyeshi imepiga ngapi. Usikubali jibu la "ilikuwa ya matumizi ya nyumbani tu", nimeshaambiwa hivyo na mtu ambaye kamera yake raba zilikuwa zimelainika na kuvimba kwa kushikwa. Idadi hiyo isome kwa kompyuta kabla hujatoa hela, halafu weka tochi kwenye tundu la kadi uchungulie zile pini, maana moja ikiwa imelala kadi haiingii.